Nani Alikula Maziwa? Historia Iliyozaa Shamba la Wanyama

Riwaya ya George Orwell, Animal Farm, kwa kawaida husomeshwa kwa jedwali. Safu ya kwanza mnyama, safu ya pili binadamu: nguruwe Napoleon ni Stalin, Snowball ni Trotsky, Bwana Jones ni mfalme wa mwisho wa Urusi, farasi Boxer ni mfanyakazi, kunguru Moses ni kanisa. Mwanafunzi akishalikariri, mtihani haumtishi tena. Jedwali lenyewe halina uongo. Ubaya wake ni kwamba linamwelekeza msomaji amtafute mhalifu mmoja, amkute, kisha afunge kitabu.

Orwell hakuliona jambo hivyo. Desemba 1946, mwaka mmoja na ushei baada ya kitabu kutoka, alimwandikia mhariri wa Kimarekani Dwight Macdonald akamweleza kwamba hadithi yote inageukia pale nguruwe walipojitwalia maziwa na matufaha. Kando ya maelezo hayo akataja mahali pamoja: Kronstadt. Basi anayetaka kuijua historia ya kisiasa iliyozaa riwaya hii hana budi kuanzia kwenye chakula: nani alikigawa, nani alikila, na nini kilimpata aliyeuliza.

Mwandishi aliyetoroka Barcelona

Jina lake halisi lilikuwa Eric Arthur Blair. Alizaliwa Motihari, India, mwaka 1903, na miaka ya ujana wake aliimalizia katika polisi ya kikoloni huko Burma, kazi iliyomfanya auchukie ubeberu. Alikuwa mjamaa hadi alipofariki mwaka 1950. Jambo hili linafaa kukumbukwa, maana kitabu chake kimetumiwa sana na maadui wa ujamaa.

Mwishoni mwa 1936 alikwenda Hispania kupigana na majeshi ya Franco. Alijiunga na wanamgambo wa POUM, chama kidogo cha wafuasi wa Marx kisichomtii Stalin. Mei 1937 alipigwa risasi ya shingo karibu na Huesca. Aliponusurika akakuta hatari nyingine Barcelona: wakomunisti waliofuata maelekezo ya Moscow walikuwa wakiwakamata wenzake kwa madai kwamba ni vibaraka wa mafashisti. Kiongozi wa POUM, Andreu Nin, alitekwa na kuuawa. Orwell na mkewe Eileen walivuka mpaka kwa treni hadi Ufaransa. Huko Hispania alisoma magazetini habari za mapigano makubwa mahali ambapo hakukuwa na mapigano yoyote, na akaona waliopigana kwa ushujaa wakiitwa wasaliti. Squealer, nguruwe msemaji wa shamba, hakutoka hewani.

Mapinduzi mawili yaliyofanywa moja

Uasi shambani unaanza siku Jones anapolewa na kusahau kuwalisha wanyama. Hapo riwaya inakwenda sambamba na historia. Machi 1917, kwa kalenda yetu, wanawake wa viwandani Petrograd waliingia mitaani kudai mkate, wanajeshi wakakataa kuendelea kuwapiga risasi, na baada ya siku chache Tsar Nicholas II akang'atuka. Ufalme wa karne tatu uliporomoka karibu bila mtu kupanga, kama Jones anavyofukuzwa shambani kabla ya wanyama kuelewa walichokifanya.

Kutoka hapo Orwell anaruka. Katika historia ilifuata serikali ya mpito iliyokuja kuongozwa na Kerensky, kisha Wabolshevik wa Lenin wakatwaa madaraka Novemba 1917. Uchaguzi wa Bunge la Katiba ukafanyika, Wabolshevik wakapata takribani robo ya kura, na Januari 1918 bunge hilo likafungwa baada ya kikao kimoja tu. Hakuna hata kimoja cha haya katika riwaya. Lenin mwenyewe hayumo. Nguruwe mzee Old Major, anayetoa ndoto ya usawa na kufa kabla ya uasi, ni Marx aliyefariki London mwaka 1883. Fuvu lake linaloheshimiwa na wanyama linakumbusha maiti ya Lenin iliyohifadhiwa Moscow tangu 1924. Lakini Lenin mtawala, aliyeishika nchi katika miaka ya kwanza, ametoweka. Msomaji wa haraka atadhani mambo yalikuwa mema hadi Stalin alipoingia. Maziwa ndiyo yanayomsahihisha.

Maziwa na barafu

Kisa chenyewe ni kifupi. Siku ya kwanza ya uhuru ng'ombe wanakamuliwa, ndoo zinajaa, wanyama wanakwenda kuvuna, na wanaporudi maziwa hayapo. Baadaye matufaha nayo yanaamriwa yapelekwe kwa nguruwe. Squealer anatumwa kueleza: nguruwe wanafanya kazi ya akili, sayansi imethibitisha kwamba wanavihitaji vyakula hivyo, na wakidhoofika Jones atarudi. Wanyama wananyamaza. Orwell anaongeza jambo ambalo jedwali la darasani hulisahau: katika hili nguruwe wote walikubaliana, Snowball akiwa miongoni mwao.

Sasa tazama Urusi ya 1921. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaisha, na Trotsky, mjenzi wa Jeshi Jekundu, alikuwa kwenye kilele cha sifa. Wananchi walikuwa na njaa. Chakula kiligawiwa kwa madaraja, na viongozi walikuwa na mgawo wao. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba 1920 mkutano wa chama ulilazimika kujadili pengo kati ya walio juu na walio chini. Januari 1921 mgawo wa mkate wa Petrograd na miji mingine ukapunguzwa kwa theluthi moja. Februari viwanda vya Petrograd vikagoma.

Kronstadt, ngome ya jeshi la majini iliyo kisiwani mbele ya mji huo, ilikuwa na mabaharia ambao mwaka 1917 Trotsky aliwasifu kuwa fahari ya mapinduzi. Februari 28, wakiwa ndani ya manowari Petropavlovsk, walipitisha azimio la madai kumi na matano. Walitaka uchaguzi mpya wa mabaraza ya wafanyakazi kwa kura ya siri, uhuru wa kusema kwa wafanyakazi na wakulima, na kuondolewa kwa vikosi vilivyowanyang'anya watu chakula barabarani. Walitaka pia mgawo sawa kwa wafanyakazi wote, isipokuwa wanaofanya kazi za hatari kwa afya. Hawakudai mfalme arudi. Walidai maziwa yagawiwe.

Serikali iliwaita vibaraka wa majenerali wa mfalme: Jones anarudi! Trotsky, kamishna wa vita, aliwataka wajisalimishe bila masharti. Mashambulizi yaliyoongozwa na kamanda Tukhachevsky yalipita juu ya barafu ya Ghuba ya Finland, na Machi 18 ngome ikawa imeanguka. Maelfu walikufa pande zote mbili, na takribani watu 8,000 walikimbilia Finland kwa miguu juu ya barafu hiyohiyo. Wakati huohuo, mkutano mkuu wa chama huko Moscow ulipiga marufuku makundi yenye maoni tofauti ndani ya chama. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na tangu siku hizo kisu kilikuwa mkononi mwa chama peke yake. Stalin hakukinoa, alikirithi.

Kinu cha upepo na bwawa la Dnieper

Ugomvi wa Snowball na Napoleon kuhusu kinu cha upepo unakusanya mijadala kadhaa ya miaka ya 1920. Wazo la kuiwekea nchi umeme lilikuwa la Lenin, na mpango wake ulipitishwa mwaka 1920. Baada ya Lenin kufariki, Trotsky na wenzake walidai viwanda vijengwe kwa kasi na mapinduzi yaenezwe nje. Ndiyo maana Snowball anataka kutuma njiwa mashamba ya jirani. Stalin alishika msimamo wa kujenga ujamaa katika nchi moja. Mwaka 1926 alilibeza wazo la bwawa kubwa la umeme kwenye mto Dnieper, akamfananisha mwenye nalo na mkulima anayenunua gramafoni ilhali plau yake imeharibika.

Novemba 1927 Trotsky alifukuzwa chamani, Januari 1928 akapelekwa uhamishoni Alma-Ata, mwaka 1929 akatolewa nje ya nchi, na Agosti 1940 akauawa Mexico na mtu aliyetumwa na Stalin. Alipokwisha kuondolewa njiani, Stalin aliuchukua mpango wa viwanda, kwa kasi kubwa kuliko hata ile aliyoidai mpinzani wake. Mpango wa kwanza wa miaka mitano ulianza 1928, na bwawa lililobezwa likazinduliwa 1932. Napoleon naye anaukojolea mchoro wa kinu, kisha baada ya kumfukuza Snowball anatangaza kwamba kinu kitajengwa.

Kinu cha kwanza kinapoangushwa na dhoruba, lawama inamwendea Snowball aliye mbali. Urusi ilikuwa na neno la makosa ya aina hiyo: hujuma. Mwaka 1928 wahandisi na mafundi 53 wa migodi ya Shakhty walishtakiwa hadharani kwa hujuma, na tangu hapo kila mtambo ulioharibika ulitafutiwa msaliti. Aliyebeba mzigo wa haraka hiyo ni Boxer, ambaye jibu lake kwa kila shida ni kuongeza bidii. Mfano wake unaojulikana ni Alexei Stakhanov, mchimba makaa aliyetangazwa Agosti 1935 kwamba amechimba tani 102 katika zamu moja iliyokuwa na kiwango cha tani 7. Sifa ilimwendea Stakhanov. Kiwango kipya kikawaangukia wenzake wote. Juni 1940 sheria ilifanya kuacha kazi bila ruhusa kuwa kosa la jinai.

Mayai na mchanga

Kuku wanaotakiwa kutoa mayai yauzwe nje, wakaamua kuyaangusha yavunjike, ndio wakulima wa miaka ya 1929 hadi 1933. Walipolazimishwa kuingia mashamba ya pamoja, wengi walichinja mifugo yao kuliko kuitoa. Serikali ilijibu kwa kuwanyang'anya nafaka, na njaa ikafuata. Ukraine peke yake ilipoteza, kwa makadirio ya wanahistoria wengi, kati ya watu milioni 3.5 na milioni 5. Kazakhstan nayo iliangamia vibaya. Nafaka iliendelea kuuzwa ng'ambo ili mitambo inunuliwe.

Napoleon anaagiza mapipa matupu yajazwe mchanga na kufunikwa nafaka kidogo juu, ili wakala Whymper ayaone na kuwaambia walio nje kwamba chakula kipo. Akina Whymper walikuwapo wengi. Walter Duranty, mwandishi wa New York Times mjini Moscow, alikanusha habari za njaa Machi 1933, siku chache baada ya Gareth Jones, kijana wa Wales aliyepita vijijini kwa miguu, kueleza alichokiona. Duranty aliaminiwa, Gareth Jones akadharauliwa.

Mbwa na ukuta wa amri

Mbwa tisa wanaolelewa kwa siri na Napoleon wanajitokeza siku ya kumfukuza Snowball. Hapa historia ni kali kuliko riwaya. Polisi wa siri, Cheka, waliundwa Desemba 1917 chini ya Dzerzhinsky, kabla utawala mpya haujatimiza miezi miwili. Majina yalibadilika hadi kufikia NKVD ya 1934, kazi ikabaki ileile. Katika kesi tatu za Moscow kati ya 1936 na 1938, wakongwe wa chama Zinoviev, Kamenev, Bukharin na wengine walisimama mahakamani wakakiri uhalifu ambao hawakuutenda, kama wanyama wanaokiri mbele ya Napoleon na kuraruliwa hapohapo. Kumbukumbu za polisi wenyewe zinaonyesha watu karibu 680,000 walihukumiwa kifo katika miaka ya 1937 na 1938. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida.

Amri Saba za shamba, zinazobadilishwa ukutani usiku, nazo zina chanzo chake. Desemba 1936, kesi ya kwanza ikiwa imekwisha na ya pili inaandaliwa, nchi ilipata katiba iliyoahidi uhuru wa kusema, wa magazeti na wa kukusanyika. Kumbukumbu pia zilibadilishwa. Novemba 1918 Stalin aliandika katika Pravda kwamba kazi ya kupanga mapinduzi iliongozwa na Trotsky; maneno hayo yaliondolewa katika machapisho ya baadaye. Mwaka 1938 kitabu rasmi cha historia ya chama kilimgeuza Trotsky kuwa msaliti tangu mwanzo. Snowball, shujaa wa Vita vya Banda la Ng'ombe, naye anaishia kuambiwa kwamba siku ile alikuwa upande wa Jones.

Kuna amri moja ambayo haikuhitaji rangi ya ukutani. Tangu miaka ya mwanzo chama kilikuwa na kikomo cha mshahara kwa wanachama wake, ili kiongozi asipate kupita fundi stadi. Mwaka 1931 Stalin alishambulia hadharani usawa wa mishahara, na 1932 kikomo hicho kikafutwa bila tangazo. Safari iliyoanza na ndoo ya maziwa ilikuwa imefika kwenye vitanda vya nyumba ya Jones, ambavyo nguruwe wanaishia kuvilalia.

Meza ya karata

Majirani wawili wa shamba, Frederick na Pilkington, ni Ujerumani ya Hitler na mataifa ya Magharibi. Mbao ambazo Napoleon anamuuzia Frederick ni mkataba wa Stalin na Hitler wa Agosti 23, 1939; noti bandia anazolipwa ni uvamizi wa Juni 22, 1941. Vita vilivyofuata viliwaua raia na askari wa Kisovieti takribani milioni 27. Katika riwaya ni Frederick anayelipua kinu, ilhali bwawa la Dnieper lililipuliwa Agosti 1941 na Wasovieti wenyewe walipokuwa wakirudi nyuma. Mahali pengine Orwell alijitahidi kumtendea haki hata Stalin: kabla ya kuchapishwa, alibadilisha sentensi ili Napoleon asilale chini mlipuko unapotokea, kwa sababu Stalin alibaki Moscow Wajerumani walipokaribia.

Moses anaporudi na hadithi zake za nchi ya sukari, tunakumbuka Septemba 1943, Stalin alipopatana na Kanisa la Orthodox. Karamu ya mwisho, ambapo nguruwe na binadamu wanacheza karata na kugombana, ni mkutano wa Tehran wa Novemba na Desemba 1943 kati ya Stalin, Roosevelt na Churchill. Ulimwengu ulisherehekea urafiki wao. Orwell, aliyekuwa anaandika majuma yaleyale, alikadiria kwamba hautadumu.

Alipomaliza Februari 1944, Urusi ilikuwa mshirika wa Uingereza vitani. Mchapishaji Victor Gollancz alikataa kuchapisha. Mwenzake Jonathan Cape alikubali, kisha akajitoa baada ya ushauri wa ofisa wa Wizara ya Habari ambaye baadaye alitambuliwa kuwa Peter Smollett, wakala wa Wasovieti. Mshairi T. S. Eliot, kwa niaba ya kampuni ya Faber, alikataa kwa hoja ya ajabu: nguruwe wana akili kuliko wengine, hivyo ndio wanaofaa kuongoza, na kinachohitajika ni nguruwe wenye moyo wa kuujali umma. Kitabu kilitoka Agosti 17, 1945, kupitia Secker & Warburg. Baadaye kambi nyingine ya wakubwa ikakitaka kwa shughuli zake: filamu ya katuni ya 1954 iligharimiwa kwa siri na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, na mwisho wake ukabadilishwa ili wanyama wawaasi nguruwe.

Wanyama watiifu kuliko Warusi

Utiifu wa wanyama ndio udhaifu mkubwa wa riwaya. Orwell alimweleza Macdonald kwamba wanyama wangekataa siku ya maziwa, mambo yangenyooka. Lakini Warusi walikataa. Wafanyakazi wa Petrograd waligoma, mabaharia wa Kronstadt wakaandika madai, wakulima wa mkoa wa Tambov wakapigana kwa miezi. Mwaka 1930 pekee polisi waliandika ghasia za wakulima zaidi ya 13,000. Ukiwatoa kuku na nguruwe wadogo wanne wanaojaribu kupinga, wanyama wa Orwell ni wasahaulifu na wepesi wa kudanganywa. Kwa kuwanyamazisha siku ya maziwa, riwaya inapeleka sehemu ya lawama kwa waliotawaliwa, ilhali waliouliza walijibiwa kwa mizinga. Swali la historia ni gumu zaidi: kwa nini waliouliza hawakuwa na chombo chochote kilichobaki cha kuwalinda? Jibu linarudi kwenye Bunge la Katiba lililofungwa, mabaraza yaliyotekwa na chama kimoja, na polisi wasiowajibika kwa yeyote nje ya chama hicho.

Swali hilo lilifika Afrika Mashariki kwa Kiswahili katika mwaka wenye maana. Tafsiri ya Kawegere, Shamba la Wanyama, ilitoka Nairobi mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Tanzania haikuwa Urusi, na Nyerere hakuwa Napoleon. Lakini sehemu ya Azimio iliyohusu viongozi ililenga hasa ndoo ya maziwa. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili wala kupangisha nyumba. Yalikuwa masharti ya kweli, na yaliwabana watu wa kweli. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikayalegeza, na wenye sauti katika uamuzi huo walikuwa walewale waliobanwa nayo.

Azimio lilijaribu kufanya kile Eliot alichokitaka, yaani kupata viongozi wenye moyo wa kuujali umma, na likakwenda mbele zaidi kwa kuuandikia moyo huo masharti. Kilichokosekana ni kile walichokidai mabaharia: kura ya siri, uhuru wa kusema, na mgawo unaoweza kuhojiwa na aliye nje ya chumba cha wagawaji. Sharti linalolindwa na yule linayembana lina maisha mafupi, liwe limeandikwa ukutani, katika katiba au katika azimio. Msomaji wa riwaya hii leo, katika nchi yoyote, hatapotea akiacha kutafuta ni nani Napoleon wa kwao, akaanza kuuliza ni nani mwenye haki ya kuhesabu ndoo.